Mkono wa Namba Mbili

Dilhani ndiye aliyeliona kwanza, na hakuliona kuwa jambo la kumfanya mtu aache chai yake. Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta, miguu juu ya kiti cha pili, akipitisha sampuli mpya za mwandiko zilizorudi kutoka miji ya bara.

"Bosi," alisema bila kugeuka, "tumepata mwingine aliyejiandikisha mara mbili."

"Nani?" Graziella aliuliza, naye bila kugeuka.

"Mia sita kumi na nane, wa Hughenden. Mashine inasema ni yule yule namba mbili. Namba mbili wa kale kabisa, aliyejitolea mimi nikiwa bado nasuka nywele mbili shuleni."

Mtu kujiandikisha mara mbili halikuwa jambo geni pale maabara. Kila aliyejitolea kuandika alipewa vocha ndogo ya duka la vyakula, na walikuwepo waliobadilisha kofia wakarudi kwenye foleni na jina jingine. Ndiyo maana kila kasha la kalamu lililorudi kutoka maktaba za miji lilipitishwa kwanza kwenye ukaguzi, mkono mpya ukilinganishwa na mikono yote ya zamani. Majina hayakuwepo humo. Yalifungiwa kwenye ofisi ya maadili ng'ambo ya uwanja wa chuo, na wataalamu waliona namba tu, pamoja na mji ambako kasha lilitoka.

Ila namba chache za mwanzo zilitolewa kabla ya utaratibu huo. Namba moja alikuwa Graziella Bressan mwenyewe, aliyeianzisha kazi hii hapo Townsville alipokuwa bado mwanafunzi. Namba mbili alikuwa mdogo wake, Renzo, ambaye hakuna mtu wa familia yao aliyemtia machoni kwa miaka tisa.

"Iache," Graziella alisema. "Nitaishughulikia mimi."

"Ni kazi ya dakika mbili."

"Najua. Iache."

Dilhani alishusha miguu, akamtazama kidogo, kisha akaendelea na mkono uliofuata. Alikuwa binti wa Kisri Lanka aliyekulia mjini hapo, mchokozi wa kuzaliwa, lakini alijua pia pa kuishia.

Kalamu zao hazikujali sura ya herufi. Mtu akikaa na karatasi na subira anaweza kuiga sahihi ya mwenzake mpaka hata benki ikubali. Kuuiga mkono wenyewe ni jambo jingine. Vihisi vilivyofichwa ndani ya kalamu vilipima mgandamizo wa vidole, jinsi kalamu inavyolala, inavyokimbia na inavyosita, na ule mtetemo mdogo ambao mwenyewe hausikii. Vilifuata hata safari ya kalamu hewani, kati ya neno na neno, ambako haiachi wino. Hapo hewani ndipo watu hujisahau. Wanaweza kuupanga mstari wanaouandika, lakini hakuna anayepanga jinsi ya kunyanyua mkono.

Dilhani alipoondoka, Graziella alifungua mikono yote miwili, ukawa mmoja juu ya mwingine kwenye kioo. Hakuhitaji alama za mashine. Pale mwanzo wa mstari kalamu ilikandamizwa kwa nguvu, kama mtu anayewasha kiberiti kilicholowa. Kabla ya kila mkato wa herufi kulikuwa na kusita kidogo, kisha mkono ukateremka upesi kama uliokasirika kwa kucheleweshwa. Mkono wa sasa ulikuwa mzito zaidi na wa polepole zaidi. Lakini ulikuwa uleule ulioandika kurasa na kurasa kwenye meza ya jikoni ya mama yao, Ingham, wakati wa mvua ambapo shambani hakuna kazi, huku mwenye mkono akinung'unika kwamba yeye ni mkulima wa miwa, si karani.

Aliizima kompyuta, akaketi.

Renzo aliondoka msimu wa mavuno. Alikuwa akiendesha trekta la kuvuta miwa, na baba yao, Silvio, alisimama nyuma kati ya trekta na trela, akiunganisha. Trekta lilirudi nyuma. Hospitali walimkata mguu chini ya goti, na alipozinduka, wake na wajukuu wa majirani wote wamejaa chumbani, alimwona Renzo mlangoni akasema, "Mwondoeni huyo mbele yangu." Hakupaza sauti. Renzo aliondoka mwenyewe bila kuondolewa na mtu. Gari la shamba lilikutwa stesheni ya treni, ufunguo juu ya gurudumu.

Mwaka uleule polisi walimpata, kisha wakampigia mama yao simu. Kijana ni mzima, walisema, ana akili zake timamu, na ameomba asitafutwe wala pasitajwe alipo. Mama Assunta alisikiliza mpaka mwisho. "Mwambieni mama yake amesikia," alisema, akakata simu. Silvio alipofariki walitangaza gazetini, na hakuna aliyejitokeza.

Sasa Graziella alijua alipo. Hughenden ni mji mdogo wa nyasi na ng'ombe, mwendo wa asubuhi moja kutoka Townsville kwa barabara kuu ya magharibi. Angeweza kuegesha gari mbele ya maktaba, akamuuliza mtu wa kwanza, na kabla ya chakula cha mchana angekuwa anamtazama ndugu yake usoni. Hilo ndilo lililomsumbua. Kwa miaka mingi alipokwenda kwenye mikutano aliwaahidi watu waliojitolea kwamba hakuna mtu wa maabara atakayewafuata hadi mlangoni.

Jumapili alikwenda Ingham kama kawaida. Msimu wa kusaga ulikuwa umeanza, na barabarani alisimama muda mrefu kwenye makutano akisubiri treni ndogo ya miwa ipite, trela baada ya trela, harufu tamu nzito ya kiwanda ikiingia garini. Mama yake alikuwa jikoni, mikono imetapakaa nyanya hadi viwiko.

"Umekonda," mama alisema. "Huko Townsville hawali?"

"Nakula, mama."

"Unakula kompyuta. Njoo ukoroge hapa. Taratibu, hizo si soksi."

Graziella alichukua mwiko. Mama alifuta mikono kwa aproni, akakaa, akaanza habari za wiki. Hakumtaja Renzo. Kwa miaka yote hiyo alikuwa na njia yake ya kutomtaja. Alitaja watoto wa wenzake.

"Yule mtoto wa Pavan karudi kutoka Perth. Na mke. Mfupi, lakini anacheka vizuri."

"Nimesikia."

"Na wa kina Lombardo naye karudi, yule mlevi. Mama yake hajui amweke wapi. Lakini anaye." Aliusikiliza mchuzi. "Punguza moto. Na wewe hiyo kalamu yako utafunga nayo ndoa lini? Umri huo unakuacha."

"Haijanichumbia bado."

"Basi haina akili kama mnavyoisifu."

Graziella alicheka, akaendelea kukoroga. Neno lilikuwa limemfika kooni. Hughenden, neno moja tu, na maisha ya mwanamke huyu yangegeuka hapo hapo, sufuria likiwa motoni. Lakini Renzo aliwaomba polisi, na aliyeombwa si polisi peke yao. Alikula tambi, akaosha vyombo, akarudi Townsville na chupa za mchuzi kwenye buti.

Keshoye alikwenda kwa Kerrie Maddock, mwenyekiti wa kamati ya maadili. Kerrie alikuwa muuguzi kabla ya kuingia chuoni, na alizungumza na maprofesa kama alivyozungumza zamani na wagonjwa wasiotaka kunywa dawa.

"Funga mlango," alisema alipouona uso wake. "Haya. Nini kimevunjika?"

Graziella alimweleza. Kerrie hakumkatiza. Alipomaliza, Kerrie aliegemea kiti.

"Kwa hiyo umemjua mshiriki ambaye hukutakiwa kumjua."

"Ndiyo."

"Kwa sababu zamani ulimtia ndugu yako kwenye majaribio, mimi sijafika hapa kuwanyoosha."

"Ndiyo."

"Umekwenda Hughenden?"

"Hapana."

"Umefikiria?"

"Kila nikiwasha gari."

"Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Afadhali." Kerrie alichukua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi. "Sasa nikuulize. Huyu mia sita kumi na nane alipewa karatasi ya maelezo kama wenzake wote. Pale juu kabisa, kwa herufi nene, kuna jina la mkuu wa utafiti. Ni jina la nani?"

"Langu."

"Na ndugu yako anajua kusoma."

Siku zote hizo Graziella alikuwa akimfikiria Renzo kama mtu aliyenaswa, aliyekanyaga mtego bila kujua. Hakuwahi kuwaza kwamba huenda aliuona mtego, akaujua ni wa nani, akaweka mguu.

"Watu hawasomi zile karatasi," alisema hatimaye. "Wanatia sahihi tu."

"Huenda. Na huenda alisoma. Wewe hujui, mimi sijui, na mashine yako yenyewe inajua mkono, haijui nia. Mimi nitafanya linalofanywa kwa kila aliyejirudia. Nitampigia simu. Nitamwambia sampuli zake ni mbili, aamue kama tuzifute au tuziache, na kama ana swali aniulize mimi au amuulize mkuu wa utafiti. Basi. Sizidishi neno."

"Kerrie, baba amefariki. Hajui."

"Pole. Lakini hilo si langu kumtupia mtu kwenye simu, na wewe si wa kulipitisha kwangu. Akitaka kuzungumza nawe utamwambia. Asipotaka, basi hataki." Alirudisha miwani usoni. "Na kuanzia leo kasha la Hughenden usiliguse. Mpe Dilhani. Ukiulizwa sababu, sema Kerrie amekasirika. Wataamini."

Graziella alirudi maabara, akafanya kazi. Siku zikapita. Alimfundisha mwanafunzi mpya kubadilisha betri za kalamu, alikwenda kwenye vikao, alijibu barua pepe. Simu ya mezani ilipolia alikuwa akiiacha ilie mara moja zaidi ya kawaida kabla ya kuipokea. Dilhani aliona, na kwa mara ya kwanza tangu waanze kufanya kazi pamoja hakutania.

Kerrie alikuja mwenyewe, mikono mifukoni, akasimama kando ya meza.

"Nimempata," alisema. "Ilibidi nipige mara kadhaa, yuko porini siku nzima. Nikamsomea maneno yangu. Akakaa kimya, nikadhani laini imekatika. Halafu akaniuliza kama mkuu wa utafiti bado anatafuna vifuniko vya kalamu."

Graziella aliitazama kalamu iliyokuwa mkononi mwake.

"Nikamwambia sijui," Kerrie aliendelea, "ingawa nimeviona. Anasema uende. Peke yako. Jumamosi, kwenye bekari, asubuhi. Nimemuuliza mara mbili kama ana hakika, akasema nisimuulize mara ya tatu."

Jumamosi Graziella aliondoka mapema. Baada ya Charters Towers miti ilianza kupungua na kuwa mifupi, na malori marefu ya ng'ombe yakamtimulia vumbi pembeni mwa lami. Njiani alipanga maneno. Alipanga hasa jibu la swali moja alilojua litaulizwa, akalipamba, akalisema kwa sauti garini mpaka likalainika. Kufika Pentland alikuwa nalo tayari.

Renzo alisimama nje ya bekari amevaa shati la rangi ya chungwa la kazi za halmashauri. Alikuwa ameiva kwa jua hadi shingoni, na ndevu zimeingia mvi. Graziella alishuka. Walisimama hivyo, gari katikati yao.

"Umechelewa, dada," Renzo alisema.

"Malori."

"Umenenepa kidogo."

"Mama anasema nimekonda."

Aliangalia pembeni, upande wa tangi la maji la mji. "Bado anapika chakula cha kulisha jeshi?"

"Bado. Nimekuletea chupa mbili."

Waliingia, wakakaa mwisho kabisa karibu na friji ya soda. Mwenye bekari alileta pai za nyama bila kuagizwa, akamtazama Graziella kwa udadisi ambao hakujisumbua kuuficha. Renzo alisema anaendesha greda, anachonga barabara za vumbi za wilaya nzima. Anaishi na mwanamke anayeitwa Tamsin, muuguzi wa zahanati. Kabla ya hapo alikuwa Cloncurry, na kabla ya Cloncurry alikuwa mahali ambapo hakutaka kupasema. Graziella alisikiliza. Mkono wake Renzo ulikuwa juu ya meza, mpana, wenye kovu jipya kwenye kidole gumba, na ilimbidi ajizuie kuutazama.

"Ulijua ni kalamu yangu?" aliuliza.

"Yule mama wa maktaba alinipa karatasi. Nikaona jina. Nikamrudishia, nikatoka nje, nikapanda greda. Nikakaa humo bila kuwasha injini, watu wanapita wananisalimia kama mwehu. Halafu nikarudi ndani."

"Kwa nini?"

Renzo aliivunja pai yake katikati, hakuila. "Unakumbuka kidude chako zamani kilikuwa kinanichanganya na mama?"

"Kilikuwa kichanga."

"Kilikuwa kipumbavu. Basi nikasema, kama bado ni kipumbavu, hakuna aliyeumia, nimekunywa chai ya maktaba ya bure. Kama kimeerevuka, nimejulikana. Lakini si mimi niliyepiga simu." Alikuna shingo. "Kupiga simu nimeshindwa, dada. Nimeishika ile simu mpaka Tamsin akaniambia niiweke chini au niile. Ningesema nini? 'Haloo, ni mimi'? Lakini ile sentensi yenu ya kunakili, ya mwanamke anayenunua ndizi na kitambaa cha bluu, hiyo niliweza kuiandika. Niliiandika vizuri, eti?"

"Uliiandika kama unachimba kaburi."

Alicheka kidogo, cheko la puani. Kisha uso ukatulia.

"Mzee bado ana hasira?"

Graziella aliweka kikombe chini. Alidhani atapata muda zaidi.

"Renzo. Baba amefariki."

Mwenye bekari alikuwa akipanga mikate nyuma ya kaunta, na karatasi zikawa zinakwaruza. Renzo aliitazama meza.

"Lini?"

"Huu ni mwaka wa tatu. Moyo. Alikuwa barazani anasikiliza mpira kwenye redio. Mama alidhani amesinzia. Tulitangaza gazetini."

"Sisomi magazeti."

"Ndivyo tulivyodhani."

Renzo alizungumza na pai. "Aliwahi kutembea?"

"Alitembea. Walimpa mguu wa bandia, akaulaani kila asubuhi, akatembea nao. Mwishoni aliendesha mpaka trekta. Watu walikuwa wanamkimbia barabarani."

"Na mimi? Alinitaja?"

Hili ndilo swali. Jibu lilikuwepo, lile la garini, laini na tayari. Alimtazama ndugu yake, mtu mzima mwenye mvi aliyekaa ndani ya greda lililozimwa, akaona kwamba lile jibu lingeingia vizuri na asingelitilia shaka, na angelibeba maisha yake yote.

"Hapana," alisema. "Mbele yangu hakukutaja."

"Hata kwa hasira?"

"Hata kwa hasira."

Renzo alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kipimo alichokwisha kukikadiria mwenyewe. "Ndivyo alivyo," alisema. Kisha akainuka, akatoka. Kupitia dirishani Graziella alimwona ameinama kwenye bomba la bustani kando ya barabara, akinawa uso, akinawa tena, akakaa ameinama huku maji yakimwagika. Aliporudi ndevu zilikuwa zinadondosha maji na hakuzifuta.

"Mzee alisema 'haya'," alisema alipoketi. "Siku ile. Nilisikia 'haya', nikarudisha nyuma. Miaka yote hii naisikiliza sauti ile. Siku nyingine nasikia 'haya'. Siku nyingine nasikia 'bado'."

"Sikuwepo, Renzo. Siwezi kukuambia."

"Najua hukuwepo. Nakuambia tu."

Walikaa mpaka bekari ikataka kufungwa. Tamsin alikuja akiwa na sare yake, mwanamke mrefu wa maneno machache. Alimpa Graziella mkono, akamwangalia Renzo usoni kwa jicho la kazi, kama anayetafuta homa, akaridhika au hakuridhika. Alisema tu kwamba gari la mgeni lina tairi moja lililopungua upepo. Walilijaza kwenye kituo cha mafuta.

"Nimwambie mama?" Graziella aliuliza dirishani, injini imewaka.

"Mwambie. Lakini asije."

"Unamjua mama."

"Ndiyo maana nasema. Nitakuja mimi. Mavuno yakikaribia kwisha. Sasa hivi siwezi."

Alimwambia mama yake Jumapili, mezani, kabla ya chakula kupakuliwa, maana hakutaka mama ale kabla ya kujua. Mama Assunta alisikiliza kama alivyowasikiliza polisi.

"Hughenden," alisema. "Hughenden ya barabara hii hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hakuvuka bahari. Hakwenda Italia." Alilisogeza bakuli la jibini upande mmoja, akalirudisha. "Wewe ulijua tangu lini?"

"Tangu mwezi uliopita."

"Ukakaa kwenye kiti hicho. Ukakoroga mchuzi wangu, ukanitania habari za ndoa, na unajua."

"Sikuruhusiwa kusema."

"Na nani?"

"Na kazi. Na yeye mwenyewe. Aliwaambia polisi."

"Polisi ni polisi. Wewe nimekuzaa." Hakupaza sauti, na kwa hilo alifanana na marehemu mume wake. "Kazi," alisema tena, akainuka, akatoka kwenda kwenye banda la kuku, akakaa huko mpaka tambi zikagandana. Kwa Jumapili mbili hakuzungumza na binti yake ila kumwambia apishe njia. Jumapili ya tatu alimuuliza, akiwa amempa mgongo, kama Renzo ana meno yake yote. Graziella alisema anayo. Mama akasema huyo muuguzi lazima ni mtu safi, basi.

Renzo alikuja mwezi wa kumi. Tamsin ndiye aliyeendesha, na baadaye alimwambia Graziella kwamba waliipita njia ya nyumbani mara mbili, kwa sababu kila walipofika kwenye kona Renzo alisema, "Mbele kidogo." Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa wavu. Renzo alipanda ngazi, akasimama mbele yake. Alikuwa mrefu kuliko alivyoondoka, au mama ndiye aliyepungua.

"Viatu," mama alisema.

Aliangalia chini. Buti zake zilikuwa na udongo mweusi wa bara hadi kwenye kamba. Akakaa kwenye ngazi, akazivua. Mama akaziokota, akapita nazo jikoni, akaingia nazo chumbani kwake, na Graziella akasikia ufunguo ukizungushwa. Kisha mama akatoka, akamuuliza Tamsin kama anakula nyama ya nguruwe.

Walikaa siku nne. Buti zilitoka chumbani siku ya mwisho tu, zimesafishwa na kupakwa rangi. Siku ya pili Renzo alikwenda makaburini na mama, amevaa kandambili za marehemu, na kilichosemwa huko hakuna aliyekisimulia. Shamba lilikwisha kukodishwa kwa kina Pavan, na hakuuliza habari zake. Alirekebisha mlango wa banda la kuku, akarudi Hughenden kwenye greda lake.

Maabara mambo yalibadilika kidogo. Sasa ukaguzi wa mikono iliyojirudia unapita kwanza ofisini kwa Kerrie, na wataalamu hawaoni kitu mpaka yeye atake. Graziella aliomba namba moja na namba mbili zifutwe. Dilhani alilalamika kwamba mashine inanyang'anywa mikono yake mikongwe kuliko yote, kisha akazifuta mwenyewe. Renzo alipoulizwa kuhusu mia sita kumi na nane alisema hiyo waiache. Ile aliiandika kwa hiari yake, alisema, na hataki kuiandika upya.

Jumapili Renzo hupiga simu kwa mama yake. Graziella akiwa pale husikia upande mmoja wa mazungumzo. Wanazungumza kuhusu mvua, kama imenyesha huko, kama itanyesha huku, barabara gani imekatika. Wakati mwingine mama humuuliza Tamsin dawa ya magoti. Habari za siku ile ya trekta hawajazigusa, na Graziella haulizi.